Ramani Kwanza, Kumbukumbu Baadaye: Jinsi ya Kuchagua Kifaa cha Kuonyesha Njia



Katika neema ambazo mwanadamu huzisahau upesi ni neema ya kuijua njia. Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Sura ya Al-An'am ya kwamba amezijaalia nyota ziwe mwongozo wetu katika giza la bara na la bahari. Na katika Sura ya An-Nahl amezitaja pamoja na alama za ardhi. Manahodha waliokuwa wakija pwani yetu kwa kaskazi na kurejea kwa kusi waliziishi neema hizo. Chombo chao kilikuwa kibao kidogo cha mti chenye uzi wa mafundo, kiitwacho kamal. Kwacho walipima kimo cha nyota, wakajua wamefika wapi.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kifaa cha GPS kinachoenea katika kiganja cha mkono. Wavuvi wanacho, wapima ardhi wanacho, wanafunzi wa elimu ya misitu wanacho, na wako mahujaji wanaokwenda nacho. Lakini mtu akiingia dukani hukuta aina nyingi zinazofanana kwa sura na kutofautiana sana kwa bei, na muuzaji humwambia, "Chukua hiki, kina kumbukumbu kubwa zaidi." Naye mnunuzi hudhani ya kwamba kumbukumbu kubwa ndiyo itakayomfikisha aendako. Je, ni kweli? Swali hili si dogo. Fedha ya nyumba ni amana, na roho ya mtoto aliyetoka usiku kwenda kuvua ni amana kubwa zaidi.

KUJUA ULIPO SI KUWA NA RAMANI

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba GPS na ramani ni vitu viwili mbalimbali, ingawa huonekana pamoja katika kioo kimoja.

GPS ni mpango wa setilaiti wa Marekani. Setilaiti ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mpango wote ukatimia mwaka 1995. Setilaiti hizo huzunguka dunia mara mbili kwa siku, zikiwa juu yetu kwa kiasi cha kilomita 20,200. Kila moja ina saa ya usahihi wa ajabu, na hutangaza wakati wake bila kukoma. Kifaa kilichoko mkononi mwako husikiliza matangazo hayo, hupima yamechukua muda gani njiani, na kwa hivyo hujua umbali wa kila setilaiti. Kikizipata nne, hujua mahali ulipo. Na usahihi wa saa hizo ndio msingi wa yote, kwani kosa la sehemu moja katika milioni ya sekunde ni kosa la meta 300 ardhini.

Zamani Marekani ilikuwa ikitia kosa la makusudi katika matangazo ya raia, hata mtu akaweza kupotezwa kiasi cha meta 100. Kosa hilo liliondolewa kwa amri ya Rais Bill Clinton, usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000. Leo kifaa cha kawaida, mahali penye uwazi, hukosea meta chache tu. Tena Warusi wana mpango wao uitwao GLONASS, watu wa Ulaya wana Galileo, na Wachina wana BeiDou. Na vifaa vingi vya sasa husikiliza zaidi ya mpango mmoja.

Basi angalia, ndugu msomaji: katika maelezo yote hayo hatujataja ramani hata mara moja. Kinachopatikana kutoka mbinguni ni hesabu mbili tu, latitudo na longitudo. Setilaiti haikuletei barabara, wala mto, wala mwamba. Hivyo vyote ni lazima viwe vimekwisha kuchorwa na watu na kutiwa ndani ya kifaa kabla hujatoka nyumbani.

Na yako mambo makubwa ambayo hesabu hizo mbili zayatosheleza. Mwanachuoni Al-Biruni, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1025, alieleza jinsi ya kuupata upande wa kibla cha mji wa Ghazna kwa kujua latitudo na longitudo ya mji huo na ya Makka. Wewe nawe waweza kufanya hivyo kwa kifaa kilicho duni kabisa. Kitilie mahali ilipo Kaaba: kaskazini nyuzi 21 na dakika 25.35, mashariki nyuzi 39 na dakika 49.57. Kisha kiulize upande. Ukiwa Mombasa kitakuonyesha karibu kaskazini barabara, umbali wa kiasi cha kilomita 2,800, kwa kuwa Mombasa na Makka zakaribia kuwa katika longitudo moja. Hapo hapakuhitajiwa ramani wala kumbukumbu kubwa. Ni hesabu tu.

AINA ZA VIFAA NA TOFAUTI ZAKE

Tutatoa mfano wa vifaa vya Garmin, kampuni ya Marekani, kwa sababu vimeenea sana na kwa sababu mabadiliko yake yanaonyesha vizuri jambo tunalolieleza. Hatumwamuru mtu kukinunua hiki au kile.

Mwaka 2001 ilitoka eTrex Legend, yenye nafasi ya ramani ya megabaiti 8 tu, wala haikuwa na mahali pa kutia kadi ya ziada. Mwenye kifaa hicho alilazimika kuchagua wilaya chache za kutia, na akisafiri tena azifute atie nyingine. Mwaka 2011 ikaja eTrex 20 yenye gigabaiti 1.7, mwaka 2015 ikaja eTrex 20x yenye gigabaiti 3.7, na mwaka 2019 eTrex 22x yenye gigabaiti 8, yaani mara elfu moja ya ile ya 2001. Hizi tatu za mwisho zina mahali pa kadi ndogo ya microSD, na kadi hiyo huongeza nafasi kupita ile iliyozaliwa nayo. Mwaka 2020 ikatoka GPSMAP 65 yenye gigabaiti 16.

Lakini mwaka 2023 kampuni hiyo hiyo ilitoa eTrex SE, ambayo haina ramani ndani yake kabisa. Huonyesha mahali, upande na umbali, ina dira ya sumaku, na mtu akitaka ramani huiunganisha na simu yake. Fadhila yake ni subira ya betri: betri mbili ndogo za AA zaweza kuiendesha kwa kiasi cha saa 168 katika matumizi ya kawaida, yaani siku saba mchana na usiku. Ile 22x yenye ramani huenda saa 25.

Mnunuzi na aitazame pia tofauti baina ya 22x na 32x, ambazo zilitoka mwaka mmoja. Kumbukumbu yao ni sawa na ramani zao ni sawa. Kilichozidi katika 32x ni dira ya sumaku, na kipimo cha hewa cha kujulia mwinuko. Mwenye 22x akisimama kimya, kifaa chake hakijui ameelekea wapi; hana budi apige hatua kadhaa ndipo mshale ukae sawa. Kwa mwenye kutafuta kibla akiwa amesimama juu ya mkeka wake, hiyo ni tofauti ya maana kuliko gigabaiti nyingi. Na hili halimo katika lile neno la muuzaji la "kumbukumbu kubwa".

NI NINI KINACHOIJAZA KUMBUKUMBU?

Watu wengi huogopa kwamba kifaa kitajaa kwa safari zao. La, hasha. Vitu ambavyo msafiri huviandika mwenyewe ni vidogo mno. Cha kwanza ni nukta, yaani mahali palipotiwa alama: nyumbani, kisimani, mlango wa mwamba, hema. Ile eTrex 22x huhifadhi nukta 2,000. Ni nani kati yetu mwenye kisima elfu mbili? Cha pili ni nyayo, yaani mstari wa mahali ulipopita. Nyayo za safari moja zaweza kuwa na vituo 10,000. Kikiandika kituo kimoja kila sekunde 10, hiyo ni safari ya karibu saa 28 za mwendo, nacho huhifadhi safari 200 za namna hiyo.

Kinachoijaza kumbukumbu ni ramani, nazo ni namna mbili. Namna ya kwanza ni ramani ya mistari: kila barabara na kila mto umeandikwa kwa hesabu za mahali unapopinda, na kifaa huunganisha hesabu hizo kwa mstari. Ramani hiyo hubeba nchi nzima katika nafasi ndogo. Namna ya pili ni picha iliyopigwa kutoka angani. Hiyo lazima iandike rangi ya kila tone la picha, liwe la mji au la pori tupu. Picha za wilaya moja huweza kula nafasi ambayo ingetosha ramani ya mistari ya nchi kadhaa. Basi mwenye kuhitaji picha za angani na atafute nafasi kubwa. Mwenye kuhitaji njia na mito asilipie nafasi atakayoiacha tupu.

Tena jueni ya kwamba zile gigabaiti 8 zilizoandikwa katika boksi si tupu zote. Sehemu yake imekwisha kuliwa na ramani zilizotiwa kiwandani. Na ramani itiwayo katika kadi ya namna ya kawaida, iitwayo FAT32, haiwezi kuwa faili moja lizidilo gigabaiti 4, hata kadi yenyewe ikiwa kubwa namna gani. Wako waliorudisha kifaa dukani wakisema ni kibovu, kumbe faili tu lilizidi mpaka.

RAMANI YA NCHI GANI?

Hapa ndipo penye hasara kubwa, na twaomba msomaji asome kwa makini.

Kifaa kinachouzwa Ulaya hutiwa ramani ya Ulaya, na kinachouzwa Marekani hutiwa ramani ya Marekani. Jamaa yetu aliyeko London, kwa mapenzi yake, hununua kifaa kizuri akampelekea ndugu yake Tanga au Lamu. Ndugu akikiwasha hukuta vijia vyote vya milima ya Uskoti, na mahali pa kijiji chake hakuna kitu ila mstari mmoja wa barabara kuu na ukingo wa pwani uliochorwa kwa ukali wa panga. Hiyo ni ramani ya msingi ya dunia nzima, ambayo imefupishwa mno. Waweza kusimama juu ya nchi kavu, nayo ikakuonyesha umo baharini. Kifaa hakikukosea mahali ulipo. Ramani ndiyo iliyokosea mahali pa pwani.

Kwa bahati njema, dawa yake si ghali. Mwaka 2004 ulianzishwa Uingereza mpango uitwao OpenStreetMap, ambao ndani yake watu wa kila nchi huchora ramani na kuitoa bure. Ramani hizo hugeuzwa zikakubalika na vifaa hivi, na mtu huzichukua katika intaneti bila ya malipo akazitia katika kadi. Katika mji wa Nairobi, vijana wa Kibera waliichora mitaa yao mwaka 2009, kwani katika ramani nyingi mahali pao palikuwa patupu. Katika Dar es Salaam, tangu mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa katika kazi iitwayo Ramani Huria wamechora mitaa inayofurika, wakitembea kwa miguu na kuandika mifereji, nyumba na vijia. Ramani waliyoichora ni msaada kwa mwenye kutafuta njia, na ni msaada kwa mwenye kuokoa watu siku ya mafuriko.

Enyi vijana, litazameni jambo hili. Mahali ambapo ramani ni nyeupe, si kwa sababu hapana watu; ni kwa sababu hapana aliyepachora. Na mwenye kifaa hata cha bei ya chini, akitembea njia za kijiji chake na kuzihifadhi nyayo zake, aweza kuijaza nafasi hiyo. Manufaa yake yatawafikia wengi asiowajua.

BAHARINI RAMANI YA BARA HAIFAI

Tumesema juu ya roho ya mvuvi, na sasa twalifikia jambo lenyewe.

Ramani ya bara huipaka bahari yote rangi moja ya buluu. Buluu hiyo haina maana ya kina. Haisemi hapa pana pima kumi na pale pana mwamba unaotoka maji yakipwa. Kijana akiongoza ngalawa au mashua usiku kwa kufuata mstari ulionyooka kutoka alipo hadi bandarini, kifaa kitamwonyesha njia iliyo fupi kuliko zote, nayo yaweza kupita juu ya mwamba. Kifaa hakimdanganyi, hakikuambiwa kamwe ya kwamba mwamba upo.

Ziko ramani za bahari zenye vina na miamba, nazo huuzwa mbali. Mwenye kutaka kununua na aulizie kwanza kama ramani hiyo inakubalika na kifaa alicho nacho, na kama inaionyesha pwani yake kwa ukaribu, kwani hata ramani ya bahari yaweza kuwa imechorwa kwa vipimo vya miaka mingi iliyopita.

Lakini iko njia ambayo haihitaji kununua ramani yoyote. Toka mchana, maji yakiwa ya kuonekana, pamoja na nahodha mzee anayeujua mlango kwa alama zake za bara. Pita naye katikati ya mlango ukiwa umewasha kifaa kiandike nyayo. Tia nukta penye mwanzo na penye mwisho wa mlango. Hapo elimu ya mzee huyo imeingia katika kumbukumbu, nayo imechukua nafasi ndogo kuliko picha moja. Usiku wa giza utarudi juu ya nyayo hizo hizo. Hata hivyo usipite kiasi katika kuziamini. Ikiwa mlango una upana wa meta 20, na kifaa kinaweza kukosea meta 5 hadi 10 kwa kila upande, basi ukingo uko karibu nawe kuliko unavyodhani. Na kupwa na kujaa kwa maji hakumo katika nyayo.

MAHUJAJI, NA WENYE SIMU

Katika uwanja wa Mina yako mahema zaidi ya laki moja, yote meupe na yote yakifanana. Mzee aliyetoka kwenda kutupa mawe huweza kurudi akazunguka kwa saa nyingi asilione hema lake. Kwa haja hiyo haihitajiwi ramani kubwa: nukta moja iliyotiwa mlangoni pa hema siku ya kufika yatosha. Mtoto wake na amfundishe nyumbani kabla ya safari namna ya kubonyeza "rudi kwenye nukta", amfundishe tena na tena, hata mkono uzoee. Wala asisahau kwamba baina ya majengo marefu ya Makka matangazo ya setilaiti hugonga kuta na kurudi, na kifaa hukosea zaidi. Vifaa kama GPSMAP 65, visikilizavyo mawimbi zaidi ya moja ya setilaiti ile ile, huvumilia hali hiyo vizuri zaidi.

Msomaji atasema, "Simu yangu ina GPS, na ina nafasi kubwa kuliko vifaa vyote hivyo." Amesema kweli. Simu hupata mahali hata pasipo na mtandao, mradi ramani imepakuliwa mapema. Kwa mtu wa mjini na kwa safari za barabarani, simu yamtosha, na kununua kifaa kingine ni kutupa fedha. Lakini simu ikiishiwa chaji katikati ya bahari haina betri ya kubadilisha, na kioo chake hakitii kidole kilicholowa maji ya chumvi. Kifaa cha mkononi hubonyezwa kwa vitufe, hula betri zinazouzwa katika duka la kijijini, na vingi vyake huvumilia kuzama katika maji ya kina cha meta moja kwa nusu saa. Fedha hutolewa kwa ajili ya hayo, si kwa ajili ya hesabu ya gigabaiti.

KABLA HUJATOA FEDHA

Basi mwenye nia ya kununua na ajiulize maswali haya kwa mpango:

Kwanza, naenda wapi: mjini, porini, au baharini?

Pili, je, iko ramani ya mahali hapo inayokubalika na kifaa hiki? Aiombe aione katika kioo, aikuze mpaka aone njia aijuayo mwenyewe. Kama kijiji chake hakionekani, ajue ya kwamba ana kazi ya kutia ramani nyingine.

Tatu, kina mahali pa kadi? Kikiwa napo, kumbukumbu ndogo ya ndani si aibu, maana kadi huongezwa. Kikiwa hakina, basi nafasi ya ndani ndiyo mwisho wake.

Nne, kina dira ya sumaku, na betri zake zapatikana nikiwa mbali na umeme?

Tano, ni nani mwingine nyumbani au chomboni ajuaye kukitumia? Kifaa kinachojulikana na mtu mmoja hakina faida siku mtu huyo akiugua.

Mwenyezi Mungu amewasifu katika Sura ya Al-Furqan waja wake ambao wakitoa mali hawafanyi israfu wala ubahili, bali hukaa baina ya hayo mawili. Kununua gigabaiti 16 kwa safari ya nukta tatu ni israfu. Na kumtuma mtoto baharini usiku kwa ramani ya bara, kwa sababu iliyo sawa ina gharama, ni ubahili unaoweza kuleta msiba. Aila ya wavuvi wanne ikichanga fedha ikanunua kifaa kimoja kinachofaa, na wote wakajifunza, imefanya vyema kuliko kila mmoja kununua kisichofaa.

Na mtu asiseme, "Mimi namtegemea Mungu, sihitaji vitu hivi." Bedui alimwuliza Mtume wetu (s.a.w.) kama amwache ngamia wake huru na kutegemea, naye akamwelekeza amfunge kwanza kisha ategemee. Kutia ramani iliyo sawa, kubadilisha betri kabla ya kutoka, kumwuliza nahodha mzee: hizo ndizo kamba za ngamia wa zama zetu. Mwenye kuzifunga na akamtegemea Mola wake, ametimiza yaliyo juu yake.

Mwenyezi Mungu awarudishe salama wasafiri wetu wa bara na wa bahari, na atuongoze sote katika njia iliyonyooka. Amin.